Mwenye Utupa wa Namtumbwe

Jumatatu, tarehe 22 Septemba 1952, saa moja na nusu asubuhi. Anga lilikuwa jeupe, upepo haukuwapo, na joto lilikuwa limekwisha kuanza kazi.

Wiki iliyopita tulimwacha Salimu Mbaruku, mlinzi wa mto, amezama hadi kifuani katika dimbwi la Namtumbwe, karibu na Likunja. Samaki waliokufa walielea pande zote. Filimbi ya serikali, iliyofungwa kiunoni mwake, ilikuwa chini ya maji. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia ndani ya matete, na humo ndani ulikuwa umeshika mguu wa mtu.

Mguu ule ulipiga teke.

Salimu hakuuachia. Aliuvuta. Kwanza lilitoka goti. Kisha ikatoka suruali fupi yenye viraka, kisha tenga la mianzi, na mwishowe uso ambao Salimu angependa kuuona mahali pengine popote.

Ulikuwa uso wa Mzee Lukumani.

Msomaji aliyejiunga nasi leo na aelezwe. Lukumani ni mnoaji wa majembe, mapanga na misumeno. Tena ni mjomba wa Hajira, binti ambaye Salimu anatazamia kumwoa wiki ijayo. Kwa Wamwera, mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mpwa wake. Kwa hiyo Salimu alikuwa ameishika arusi yake mwenyewe, na aliishika kwenye kifundo cha mguu.

"Shikamoo, mjomba," alisema.

"Marahaba. Achia mguu."

"Siwezi, mjomba. Niko kazini."

"Basi fanya kazi kwa mkono mwingine. Huo unaniumiza."

Salimu alibadilisha mkono.

"Unafanya nini humu, mjomba?"

"Naoga."

"Na nguo zako?"

"Nazo zilikuwa chafu."

"Na hili tenga?"

Lukumani alilitazama tenga kama mtu anayejulishwa kwa mgeni. "Hilo nimelikuta."

Ndani ya tenga kulikuwa na majani yaliyotwangwa, mabichi bado. Salimu alinusa mara moja tu. Ulikuwa utupa.

Kila mtu wa Likunja anaujua utupa. Ni mmea unaopandwa nyuma ya nyumba. Majani yake hutwangwa na kutiwa katika maji yaliyosimama. Samaki hulewa, huja juu, na mtu huwaokota kama anayeokota korosho. Tangu mwaka jana baraza limepiga marufuku utupa na kulifunga dimbwi kiangazi chote, na sababu yake ni fupi. Kiangazi mto haupiti. Samaki wote, wa juu na wa chini, hukusanyika Namtumbwe kungoja mvua, kwa kuwa madimbwi mengine hukauka. Wakifa hapo, mvua itakapokuja, maji yatarudi mtoni peke yake.

Asubuhi ile walielea kambare, walielea ningu, na walielea vifaranga wadogo kama punje za ufuta, ambao hakuna mtu angewala.

Kengele ya baiskeli ililia ukingoni. Alikuwa Amiri, tarishi wa baraza, na suruali yake fupi iliyopigwa pasi. Nyuma ya baiskeli alifunga magunia mawili yasiyo na kitu.

"Umemkamata!" Amiri alisema.

"Nimemshika mguu," Salimu alijibu. "Kumkamata bado."

"Basi maliza. Shahidi ninaye. Nimekutana na Bibi Mwamina njiani. Amemwona Lukumani alfajiri akishuka mtoni na utupa. Ni maneno yake mwenyewe."

Lukumani alifumbua kinywa. Akalitazama tenga. Akafumba kinywa.

Msomaji na akikumbuke kinywa hicho.

"Na magunia hayo?" Salimu aliuliza, kwa kuwa mlinzi huuliza kila kitu.

"Ya korosho zangu," Amiri alisema. "Twende barazani."

*

Jumbe Abdalah wa Likunja alikuwa mtu mpole. Hakupenda kelele, na hakupenda kesi inayopita saa ya chakula. Kufika saa tatu banda la baraza lilikuwa limejaa.

Salimu alitoa taarifa yake. Amiri alitoa maneno ya Bibi Mwamina, kwa sababu bibi mwenyewe alikuwa shambani. Tenga liliwekwa chini, mbele ya watu wote, likatoa harufu.

"Lukumani," Jumbe alisema, "alfajiri ulishuka mtoni?"

"Nilishuka."

"Ulikuwa na utupa?"

"Nilikuwa na tupa."

"Amekiri!" Amiri alisema.

Watu waliguna. Msomaji amelisoma neno lile. Waliokuwa barazani walilisikia tu, na kusikia ni jambo jingine.

"Una la kujitetea?"

"Sina."

"Kwa nini ulifanya hivyo, mtu mzima kama wewe?"

"Uzee, Jumbe."

Kutoka nyuma alisimama Myao mmoja wa Mtua, mtani wa Lukumani. Mtani hazuiliwi kusema, hata barazani.

"Hongera, Mmwera! Jembe langu moja ulilinoa wiki nzima. Leo umeua mto wote kabla ya chai!"

"Kaa chini," Lukumani alimjibu. "Ukifa nitakuzika kwa jembe hilohilo, nalo ni butu."

Baraza lilicheka. Jumbe Abdalah alingoja kicheko kiishe, kisha akatoa maneno mawili.

La kwanza lilimhusu Lukumani. Atalala korokoroni, na kesho atapelekwa boma la Nachingwea. Kwa kosa la namna hiyo mwaka jana mtu mmoja wa Mkotokuyana alipata miezi sita.

La pili lilimhusu Salimu.

"Watu wananilalamikia, kijana. Wanasema tumefunga dimbwi ili wao wasile, na wezi wanakula."

"Mwizi amekamatwa, Jumbe."

"Amekamatwa samaki wakiwa wamekwisha kufa. Huko si kulinda, huko ni kuzika. Nionyeshe kabla ya Ijumaa kwamba dimbwi lile linalindika. Usiponionyesha, Ijumaa nalifungua. Kila mtu aingie na wavu wake, tumalize maneno."

"Jumbe, wapo waliopona. Nimewaona chini ya mizizi. Hao ndio mbegu ya mto wote. Ukifungua Ijumaa, kufika alasiri hawapo."

"Basi unayo kazi ya kufanya kabla ya Ijumaa," Jumbe alisema, akainuka kwenda kutazama kama chakula kiko tayari.

*

Salimu alikwenda kwa Hajira kupeleka habari. Kila mtu mwenye busara angemtuma mwingine, lakini Salimu alikuwa amefundishwa kutoa taarifa mwenyewe.

Hapa pana jambo la heshima. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake. Hamgusi, hamtaji jina, na hasemi naye uso kwa uso. Mama yake Hajira ni Mwanaheri, dada yake Lukumani. Salimu alipoingia uani, Mwanaheri aligeukia ukuta, na Salimu akageukia kibanda cha kuku. Hajira, aliyekuwa akipeta mtama, alibaki katikati.

"Mwambie mama," Salimu aliwaambia kuku, "kaka yake yumo korokoroni."

"Mama, mjomba yumo korokoroni."

"Nimesikia," Mwanaheri aliuambia ukuta. "Muulize mkwe wangu, kwa kosa gani?"

"Kwa utupa."

Mwanaheri alizidi kuukaribia ukuta. Moshi ulipita uani. Haukuwa moshi wa kuni tu.

"Mwambie mama, nanusa samaki."

"Mwambie mkwe wangu, pua yake ni nzima."

"Muulize ni samaki wa wapi."

"Mwambie ni wa arusi yake."

Shingo ya Salimu ilitaka kugeuka. Aliizuia. Kuku mmoja alimtazama kwa mashaka.

Hajira aliliweka chini ungo. "Mama, umefanya nini?"

"Unauliza wewe, au umetumwa uulize?"

"Nauliza mimi."

"Basi wewe nitakujibu. Wageni wanakuja kutoka Mtua. Shangazi za mkwe wangu wanakuja kutoka Mkotokuyana, wote wana meno. Niwape mlenda? Alfajiri ya leo nimeingia Namtumbwe na kitenga kimoja, penye mawe, maji ya magotini. Kule penye kina sikufika, naogopa mamba. Nimeokota kitoweo, nimerudi. Tenga nimelisahau. Nimemwambia kaka akalichukue kabla halijaonekana. Amekwenda, na mkwe wangu amemkamata. Hongera yake."

"Muulize mama," Salimu alisema, "hakujua kwamba ni marufuku?"

"Mwambie nilijua. Marufuku ni ya hao wanaopakia samaki kwa magunia kwenda kuuza kambi ya mashamba ya karanga huko Nachingwea. Mimi si mchuuzi. Mama yangu alitia utupa pale, na mama yake alitia."

"Mwambie, zama za bibi yake watu walitia siku moja, mto ukapumzika mwaka. Siku hizi yamekuja makatapila, imekuja kambi, wamekuja watu wengi kuliko karanga. Kila mtu anataka samaki, na kila mtu anasema marufuku ni ya mwenzake."

Hajira hakuwa na haja ya kulirudia. Mama yake aliukwaruza ukuta kwa ukucha.

"Mwambie mkwe wangu anasema vizuri. Lakini wageni hawali maneno."

"Muulize, vifaranga wa samaki wako wapi? Uchagani wamo wakubwa tu?"

"Wamo wakubwa tu," Hajira alisema, akitazama uchaga.

"Mwambie wadogo niliwatupa."

Salimu alilirudia neno lile chini chini.

Niliwatupa. Neno hilo lilimwingia sikioni, likakutana na neno jingine lililokuwa limekaa humo tangu saa tatu. *Nilikuwa na tupa.*

"Hajira," alisema polepole, "mjomba wako ananoa kwa kitu gani?"

"Kwa tupa. Hata kuku hawa wanajua."

"Huiweka wapi?"

"Mfukoni. Huingia nayo hata msikitini."

"Nimemfunga mtu kwa kubeba kifaa cha kazi yake," Salimu aliwaambia kuku.

"Mwambie mkwe wangu," Mwanaheri alisema, na sasa sauti yake ilikuwa nyembamba, "mwenye kosa ni mimi, nami nipo hapa. Aje anikamate."

"Mama anasema uje umkamate."

"Nimesikia."

"Utakuja?"

"Siruhusiwi kumtazama, kumgusa wala kumtaja. Nitamkamataje?"

"Huko mafunzoni Lindi hawakuwafundisha?"

"Hilo hawakulifikia," Salimu alisema, akaondoka kinyumenyume.

*

Saa tisa alasiri baraza lilikutana tena kwa ombi la mlinzi wa mto. Jumbe Abdalah alikuwa ameitwa na kijiko mkononi, na chakula chake kilikuwa mezani. Bibi Mwamina alikuwa ameletwa kutoka shambani, na korosho zake zilikuwa bado ndani ya upindo wa kanga.

Salimu aliutia mkono katika mfuko wa Lukumani. Akatoa chuma kirefu chenye meno madogo, kilichozungushiwa kitambaa kwenye mpini.

"Bibi, hiki ni kitu gani?"

"Tupa hilo," Bibi Mwamina alisema. "La Lukumani. Nilinwambia huyu tarishi leo alfajiri. Kaniuliza, bibi umemwona ntu mwenye utupa? Nikasema ndiyo, Lukumani kashuka ntoni, na tupa lake nfukoni, siku zote analo."

"Bibi, tupa na utupa ni vitu viwili."

"Kwenu. Kiswahili chenu kina vidude mbele ya maneno. Leo tupa, kesho utupa. Mimi vidude hivyo huviacha nlangoni."

Baraza lote lilipasuka kwa kicheko. Myao wa Mtua alicheka mpaka akashikwa asianguke.

"Basi nilisikia vibaya," Amiri alisema, akinyoosha upindo wa suruali yake. "Kusikia vibaya si kosa."

Jumbe Abdalah alimgeukia mfungwa. "Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Uliniuliza kama nilikuwa na utupa. Nikakujibu kwamba nilikuwa na tupa."

Jumbe alifikiri. Aligundua kwamba ni kweli. Hakufurahi.

Lukumani alimwegemea Salimu. "Mkwe," alinong'ona, "nani amekutuma? Nilikuwa nimekwisha kujipangia miezi yangu sita vizuri."

"Tenga ni la nani?" Jumbe aliuliza.

"Nililikuta," Lukumani alisema.

"Salimu. Wewe unamjua mwenye tenga?"

"Namjua, Jumbe."

"Mtaje."

"Siwezi kumtaja."

Alipokwisha kulisema hilo, Salimu alijua amekosea. Katika Likunja nzima lilikuwako jina moja tu la mtu mzima ambalo Salimu Mbaruku hakuweza kulitamka. Vichwa vyote vya baraza viligeuka pamoja kuelekea upande wa wanawake.

"Kosa ni langu," Salimu alisema upesi. "Samaki wale ni kitoweo cha arusi yangu. Mwenye shughuli ni mimi. Nifungwe mimi."

"Tenga ni langu," alisema Lukumani. "Nimekumbuka sasa."

"Waongo wote wawili."

Aliyesema hivyo alikuwa Mwanaheri. Alikuja mbele amejifunika kanga, akampa Salimu mgongo, na Salimu akampa wake. Walisimama hivyo, mgongo kwa mgongo, mbele ya Jumbe.

"Nilitwanga mimi, Jumbe. Nilitia mimi. Wadogo niliwatupa kichakani, nao wamenikaa moyoni tangu asubuhi kuliko hao wakubwa. Mwambieni mkwe wangu akae chini."

Baraza lilikuwa na kosa moja na watu watatu wanaoligombea.

Jumbe Abdalah alikuwa hajapata kuona neno la namna hiyo. Aliagiza wote watatu wafungwe mpaka asubuhi. Kisha akakumbuka kwamba korokoroni ina chumba kimoja. Mkwe na mama mkwe hawawezi kufungiwa chumba kimoja, hata kwa amri ya gavana. Akaagiza Mwanaheri arudi nyumbani na asitoke, na wanaume wawili waingie ndani.

"Na dimbwi?" mtu aliuliza. "Mlinzi amefungwa. Nani atalinda?"

"Nitalinda mimi," alisema Amiri.

Watu walimshukuru. Amiri alizungusha ufunguo wa korokoroni kidoleni. Mlangoni pa korokoroni Salimu alikabidhi fimbo na filimbi. Hajira, aliyekuwa karibu, alivipokea kabla Amiri hajanyoosha mkono.

Tupa haikukabidhiwa. Haikuwa tena ushahidi wa kitu chochote, na Lukumani alikwisha kuirudisha mfukoni.

*

Ndani ya korokoroni mlikuwa na mkeka mmoja, mtungi mmoja na wakwe wawili.

"Umeharibu," Lukumani alisema.

"Nimesema kweli, mjomba."

"Ndiyo. Ndivyo ulivyoharibu."

Walikaa. Mara Lukumani alianza kucheka peke yake.

"Alisikia vibaya! Amiri huyo! Juzi tu kaniletea panga. Nikamwambia subiri, nimeisahau tupa ndani. Akaniambia, 'Keti, Mzee, tupa nitakuchukulia mimi.' Akaingia, akaileta. Akaniuliza nimeinunua duka gani."

Salimu aliinua kichwa.

"Alisema tupa?"

"Alitaka aseme nini? Sindano?"

"Mjomba. Mtu anayelijua neno halisikii vibaya. Alisikia vizuri, akaripoti vibaya."

Kicheko cha Lukumani kilikwisha.

"Tena lipo jingine," Salimu alisema. "Mama alitia penye mawe, maji ya magotini. Penye kina hakufika. Mimi nilikuwa penye kina, maji kifuani, na samaki walielea pande zangu zote. Kitenga kimoja hakiwezi kulewesha pale. Alikuwako mwingine, mjomba, asubuhi ileile. Alitia utupa wake, akangoja samaki wapande. Mimi nikafika kabla hajaokota."

"Hakuwako mtu mwingine. Tulikuwa mimi na wewe."

"Na Amiri, na magunia mawili."

"Ya korosho zake. Alisema mwenyewe."

"Amiri ana mikorosho mingapi?"

Lukumani alifikiri kwa uaminifu, kwa sababu mapanga ya kupalilia mikorosho ya Likunja yote hupita mikononi mwake.

"Hana hata mmoja," alisema.

Walitazamana. Leo asubuhi Salimu alimharibia Amiri mavuno. Leo alasiri Salimu amejifunga mwenyewe, na dimbwi amekabidhiwa Amiri. Samaki waliopona chini ya mizizi hawakuwa na mtu mwingine.

"Ufunguo anao nani?" Salimu aliuliza, ingawa alijua.

Huo ndio mwisho wa mambo waliyoyasema. Haya ndiyo waliyoyatenda baadaye, kila mtu kwa zamu yake, kabla jua halijashuka.

Jumbe Abdalah alirudi kwenye chakula chake. Kilikuwa kimepoa. Alikila.

Bibi Mwamina alirudi kwenye korosho zake.

Mwanaheri aliwashusha samaki kutoka uchagani, akawafunika kwa ungo, akakaa karibu nao. Hakula.

Lukumani alitoa tupa mfukoni, akaiweka kwenye bawaba ya mlango wa korokoroni, akaanza kazi.

Salimu aliimba kwa sauti kubwa nyimbo zote za jandoni alizozikumbuka, ili tupa isisikike. Wapita njia walisema kifungo kimemchanganya.

Hajira alijifunga kanga kiunoni, akachukua fimbo na filimbi, akaenda Namtumbwe. Alikuta baiskeli imeegemezwa kwenye matete. Penye kina kirefu, maji kifuani, alisimama Amiri. Shati lake lililopigwa pasi lilitundikwa vizuri juu ya kijiti. Ukingoni, karibu na mkono wake, lilikuwako gunia lililojaa majani yaliyotwangwa, mdomo wake umekwisha kufunguliwa.

"Hajira," Amiri alisema kwa upole, "umekuja kuoga?"

Hajira alitia filimbi kinywani, akapuliza kwa nguvu zake zote.

Filimbi ilitoa maji. Haikulia.